Fimbo ya Karibu: Gari Kuukuu la Oto na Giaboksi ya Manyuo

Gari linalotoka Mbeya mjini kwenda Chunya huanza safari kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kabla halijafika mbali limeshapita mita 2,400. Linaloshika njia ya Uyole kwenda Kyela hupanda kwanza kwenye baridi ya Isongole, kisha huteremka kupitia Tukuyu hadi jirani na Ziwa Nyasa, chini ya mita 500. Upande wa Iringa, anayetoka Dar es Salaam hana budi kuukwea mlima wa Kitonga, na akifika Ipogolo bado anadaiwa kilima cha kuingia mjini. Katika nchi ya namna hii, swali linaloulizwa gereji kila giaboksi ya oto inapokufa kwenye gari la miaka 20 au 25 si la ushabiki: tufunge oto nyingine, au tuhamie manyuo? Hoja ya makala haya ni kwamba kwa baadhi ya magari, na kwa masharti, kuhamia manyuo ni uamuzi wa busara. Ila sababu yake si ile inayotajwa vijiweni.

Tuanze na namna tulivyoyapata magari haya. Tanzania huendesha upande wa kushoto kama Japan, kwa hiyo gari lililochokwa kule huingia barabarani huku bila kuhamishwa usukani. Corolla, Mark II, RAV4 na Vitz zilizojaa Mwanjelwa na Miyomboni hazikuagizwa kiwandani na mtu wa Mbeya wala wa Iringa. Zilichaguliwa na Mjapani aliyekuwa akikaa nazo kwenye foleni za mjini. Mwaka 1991 Japan ilianzisha leseni ya udereva ya magari ya oto pekee, na kufikia katikati ya miaka ya 2000, zaidi ya magari mapya tisa katika kila kumi yaliyouzwa huko yalikuwa ya oto. Mkulima wa Rungwe au mfanyabiashara wa Mufindi amerithi chaguo la mtu ambaye hajawahi kuiona Kitonga. Kwa mwenzake lilikuwa chaguo zuri. Kwake linahitaji kupimwa upya.

Kati ya injini na gia za gari la oto hakuna klachi ya kukanyaga. Kuna bakuli lililojaa oili, toko konveta, ambamo feni moja inazungushwa na injini, inairusha oili, na oili inaizungusha feni ya pili. Barabara ikiwa tambarare na mwendo ukikolea, kufuli iliyomo ndani huzifunga feni hizo zizunguke pamoja. Kwenye mlima mrefu unaopandwa polepole, kufuli hiyo mara nyingi haifungi: feni zinapishana, na nguvu inayopotea inakuwa joto ndani ya oili ileile inayotakiwa kulainisha, kupoza na kubana klachi za ndani. Mwinuko wa nchi nao unachangia, kwa sababu injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, na dereva hufidia kwa kukanyaga zaidi. Isitoshe, katika magari mengi oili hiyo hupozwa kwa kupitishwa ndani ya rejeta. Ukijaza maji ya bomba miaka nenda miaka rudi badala ya kulanti, kutu hutoboa kipozeo, maji na oili vinachanganyika na kuwa kama maziwa ya rangi ya waridi, na giaboksi iliyokuwa nzima inaanza kuteleza.

Hapo ndipo vijiwe husema: manyuo ni salama zaidi mteremkoni. Hoja hii ina ukweli nusu, na nusu hiyo isitumike kuuzia kazi. Gari la oto lina nafasi ya 2 na ya L, na mengi ya zama hizo yana kitufe cha kuzuia gia ya juu. Vyote viliwekwa ili injini isaidie breki. Dereva asiyevigusa Kitonga atashuka vibaya hata ukimpa gia za mkono, maana anayeshusha gari kwa nyutro hufanya hivyo zaidi kwenye manyuo. Naye anayedhani nyutro inaokoa mafuta anajidanganya: injini ya EFI ikiwa ndani ya gia mteremkoni, mguu ukiwa nje ya pedali, kwa kawaida hukata mafuta kabisa, ilhali kwenye nyutro lazima ichome kidogo isizimike. Gari la tani moja na robo likishuka mita 500 lina nishati ya kutosha kuchemsha karibu ndoo nzima ya maji ya lita 20. Joto hilo litabebwa na injini au litabebwa na breki, na hakuna giaboksi inayomwamulia dereva asiyejua.

Sababu yenye uzito ni nyingine: namna kila giaboksi inavyokufa, na nani anaweza kuifufua. Giaboksi ya manyuo ni shafti, meno na beringi. Hufunguliwa kwa spana za kawaida, na beringi yake hutafutwa dukani kwa namba. Tena huugua kwa sauti. Italia, itagoma kuingia gia ya pili, klachi itaanza kuteleza, na mwenye gari ana wiki kadhaa za kujipanga. Ya oto ina vijia vyembamba vya oili, solenoidi na sili ambavyo haviwezi kupimwa na kutengenezwa bila geji ya presha, mashine ya kusoma kontroo boksi, oili ya aina ileile aliyotaja mtengenezaji na meza isiyo na vumbi. Fundi asiyekuwa na vifaa hivyo si mjinga, amenyimwa macho. Nalo gari la oto likizimikia kati ya Mafinga na Makambako, betri ikifa huwezi kulisukuma likawaka, wala halifai kuvutwa mbali magurudumu yanayoendesha yakiwa chini, kwa sababu pampu ya oili huzunguka injini inapowaka tu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ubora wa oto haukanushwi. Ila fimbo yake iko mbali.

Wapo watakaosema kufunga oto nyingine ya mtumba ni rahisi zaidi, na kwa siku ya kazi wana haki: inaingia mahali pake, haihitaji pedali mpya wala kugusa waya. Lakini giaboksi hiyo nayo ina umri wa gari lako, oili yake ya zamani imeshamwagwa na ushahidi umeondoka nayo, na kama rejeta ndiyo iliyoua ya kwanza, bado ipo. Wengine watauliza kwa nini usinunue gari la manyuo moja kwa moja. Ukilipata sokoni, nunua. Ila ukiagiza kuukuu kutoka nje, forodha ina ushuru wa ziada kwa gari lililozidi miaka minane. Kuhusu bei ya kuuzia, ni kweli mnunuzi wa Dar es Salaam atalikwepa gari lililobadilishwa. Basi anayekusudia kuuza mwakani, au mwenye goti la kushoto lisilomudu klachi, abaki na oto. Hesabu hii ni ya anayetaka kulitumia gari hadi mwisho wake.

Masharti yenyewe ni mawili. La kwanza, gari liwe la aina ambayo kiwanda kiliitoa kwa namna zote mbili, kama Corolla za miaka ya 1990 au Hilux. Haibridi na zile za mkanda usio na gia ziachwe. La pili, vifaa vitoke kwenye gari moja la manyuo, vikamilike: giaboksi, flaiwili na bolti zake, klachi, pedali zote, silinda ya klachi ya juu na ya chini, mikono ya kushikia giaboksi, shafti na kontroo boksi. Kazi inayoanza na giaboksi pekee, mengine yakitafutwa mbele ya safari, huishia kwenye uchomeleaji. Waya nazo zisipuuzwe. Gari la oto haliwaki ila likiwa P au N. Fundi mwenye haraka huziunganisha tu waya mbili za swichi inayolizuia stata ifanye kazi, na kuanzia siku hiyo gari linaweza kuruka mbele likiwashwa ndani ya gia, mtoto akiwa amesimama mbele yake. Swichi ndogo kwenye pedali ya klachi huzuia hilo. Taa za kurudi nyuma na waya wa spidi navyo vikaguliwe kabla ya malipo, na kampuni ya bima iarifiwe.

Hata kazi ikikamilika, klachi italiwa na vilima. Dereva anayelishikilia gari kwa klachi mlimani badala ya handbreki ataimaliza mapema, na hakuna fundi wa kulaumiwa. Badiliko kubwa kuliko yote halionekani chini ya boneti: herufi P imeondoka. Aliyezoea kuisukuma liva akashuka na mizigo yake, sasa anapoegesha kwenye kilima cha kupanda Iringa mjini lazima avute handbreki, aache gia namba moja na, akiwa na shaka, aweke jiwe nyuma ya tairi. Fimbo imesogezwa karibu, na mkono wa kuishika ni wa dereva mwenyewe.