Soda ‘zero’: Mtoto anywe au asinywe?

Wazazi wengi hununua soda ya ‘zero’ ili kumwepusha mtoto na sukari. Kisha wanasikia kwamba inaleta saratani. Washike lipi?

Julai 2023, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliiweka aspatemu, kiongeza utamu kinachoandikwa pia E951 kwenye lebo, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi mdogo. Siku hiyohiyo, kamati ya usalama wa vyakula ilibakisha kiwango cha zamani: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku.

Hazikupingana. Moja iliangalia kama inaweza kudhuru, nyingine ikaangalia kiasi.

Kopo likiwa na miligramu 300, mtu wa kilo 70 huvuka kiwango akizidisha makopo tisa. Mtoto wa kilo 20 huvuka kwa matatu tu.

Kwa hiyo, kopo moja la sherehe lisikutie hofu, ila lisiwe kinywaji cha kila siku. Nyumbani mzoeshe maji na matunda, na sukari ya chai ipunguze taratibu, ulimi huzoea.