Rekodi ya Ruth Chepngetich: juu ya nini haijafutwa?

Tarehe 13 Oktoba 2024, Ruth Chepngetich wa Kenya alimaliza marathoni ya Chicago, kule Marekani, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Mbele yake, hakuna mwanamke aliyekuwa amekimbia kilometa 42 chini ya saa 2 na dakika 10. Rekodi ya zamani ilikuwa ya Tigst Assefa wa Ethiopia, saa 2:11:53. Kuipunguza karibu dakika mbili nzima kwa siku moja, hiyo si kitu kidogo. Ushindi ule aliutoa kwa kumkumbuka Kelvin Kiptum, Mkenya mwenzake aliyekufa kwa ajali ya gari mwezi wa pili mwaka ule. Wapenzi wengi wa mbio walifurahi sana.

Mwaka mmoja nyuma ya hapo, tarehe 23 Oktoba 2025, alifungiwa miaka 3 juu ya dawa iliyokatazwa. Lakini rekodi imebaki. Sasa mpenzi wa mbio afurahi ao anyamaze?

Walikuta nini kwake?

Mkojo wake uliochukuliwa tarehe 14 Machi 2025 ulikutwa na hidroklorotiazidi. Ni dawa ya kukojoza, madaktari wanaitoa kwa wagonjwa wa tansio na kwa wenye kuvimba mwili. Yenyewe haimpe mtu mbio. Imekatazwa kwa sababu inaweza kusafisha mkojo, na alama za dawa zingine zikakosa kuonekana.

Kipimo kinachoanza kuleta maneno ni nanogramu 20 kwa mililita. Yeye alikutwa na 3.800, ni kusema mara 190. Kwanza alisema hajui imetokea wapi. Kisha akaeleza kwamba alikuwa mgonjwa, akameza dawa ya mtumishi wake wa nyumbani bila kuangalia kama imekatazwa. AIU, kitengo kinachopigana na udanganyifu katika riadha, haikuona kama hiyo ni sababu ya kumpunguzia. Iliomba miaka 4, ikatoa mmoja kwa kuwa alikubali kosa mapema.

Sasa juu ya nini rekodi ingali pale?

Sheria inafuta matokeo kuanzia siku ya kipimo kibaya. Chicago ilikuwa miezi mitano mbele. Kwa kufuta rekodi ile, lazima kuwe na ushuhuda wa wakati ule, na haujatolewa. Wakati wa kutangaza adhabu, AIU ilisema itaendelea kuchunguza vitu vilivyopatikana kwenye simu yake, lakini matokeo ya mbele ya tarehe 14 Machi 2025 yanabaki.

Hapo wapenzi wanagawanyika. Mmoja atasema: « Ule mama alikimbia, tuliona na macho yetu. Kosa la mwezi wa tatu haliwezi kurudi nyuma. » Mwingine atajibu: « Mutu akikamatwa leo, nitajuaje kama jana alikuwa safi? » Wote wawili wana haki. Wa kwanza anashika sheria. Wa pili anaongea juu ya imani, na imani haina tarehe ya kuanzia.

Si mara ya kwanza

Tangu 1985, rekodi ya wanawake ya metre 400 ni ya Marita Koch wa Ujerumani ya Mashariki, sekunde 47,60. Hakukutwa na dawa hata siku moja. Lakini kisha ukuta wa Berlin kuanguka, hati zilionyesha kwamba serikali ya kule ilikuwa inawapa wanamichezo dawa kwa mpango. Wasichana wengi wamekimbia maisha yao yote nyuma ya namba ile.

Mwaka 2017, viongozi wa riadha ya Ulaya walipendekeza rekodi zote za mbele ya 2005 zifutwe, kwa sababu sampuli za wakati ule hazikutunzwa kwa kupimwa tena. Paula Radcliffe wa Uingereza alikataa kwa nguvu. Rekodi yake ya marathoni, saa 2:15:25, ilikuwa ya 2003, na yeye hakuwa amekutwa na kosa lolote. Mpango haukufika. Kufuta kwa mashaka tu kunaweza kuumiza asiye na kosa. Kuacha kunaweza kumwibia aliyekimbia safi.

Leo sampuli zinaweza kutunzwa mpaka miaka 10, na mashine mpya zinaona kitu ambacho za zamani hazikuona. Kwa hiyo mpenzi wa mbio halazimishwi kuchagua leo. Anaweza kuheshimu namba iliyoandikwa bila kuiimba. Anaweza pia kumkumbuka Tigst Assefa: kama rekodi ya Chicago ingefutwa, ile iliyokuwa mbele yake ni ya huyo mama.