Gari Lililolala na Maji Yake

Je, wajua kuwa lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita nzima ya maji? Petroli ni kaboni na haidrojeni. Haidrojeni ikikutana na oksijeni ya hewa ndani ya moto, maji huzaliwa. Injini iliyopata moto huyatoa kama mvuke, na hakuna anayeyaona. Ikiwa bado baridi, utayakuta asubuhi yakidondoka kwenye ekzosi, tone moja moja, mwenye gari akidhani gasketi imeungua.

Sasa fikiria mtu anayesafiri mwaka mzima. Gari anamwachia mdogo wake kwa agizo moja: kila Jumamosi liwashe dakika tano, lisilale sana. Mdogo mtu anatii. Kila Jumamosi injini inatengeneza maji, na kabla haijapata joto la kuyafukuza, inazimwa. Mvuke unageuka matone kwenye kuta za silinda na ndani ya ekzosi. Mwingine unapenya kando ya ringi na kushuka kwenye oili, ukifuatana na asidi za moshi. Miezi ikipita, chini ya kifuniko cha oili unakuta ute wa rangi ya chai ya maziwa. Lingeachwa bila kuguswa, lingekuwa na nafuu. Nenda kamweleze hivyo mwenye gari, uone atakavyokutazama.

Maji mengine hayahitaji hata moto. Injini ya silinda nne ikizimwa, kwa kawaida silinda mbili hubaki na valvu wazi, moja upande wa kuvuta hewa, nyingine upande wa ekzosi. Usiku chuma kinapoa. Kukicha, hewa ya joto yenye unyevu inaingia, inakigusa, na umande unatua humo ndani. Hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja huja na chumvi pia, ambayo huvuta unyevu na kuiharakisha kutu. Na kutu hunenepa: hutaka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Pistoni kwa kawaida ni ya alumini, haina habari nayo. Ringi zake na ukuta wa silinda ndivyo vinavyong'ang'aniana, hadi injini haizunguki hata kwa spana ndefu.

Mafundi wa ndege wana ujanja wao. Wakiihifadhi injini ya pistoni, hung'oa plagi na mahali pake hufunga vizibo angavu vilivyojaa chembe za silika, zilezile za vipakiti vya kwenye boksi la viatu. Chembe zikiwa kavu ni za buluu. Zikishiba unyevu hugeuka waridi, fundi akajua zimechoka bila kufungua chochote.

Gari la nyumbani halihitaji makuu hayo. Kabla ya kulilaza, liendeshe nusu saa au zaidi hadi oili ipate moto kwelikweli, imwage, utie mpya, kwa kuwa ile ya zamani imebeba asidi. Ng'oa plagi, tia kijiko cha oili safi katika kila silinda, zungusha krenki kwa spana mara mbili tatu ili ukuta wote upakwe, kisha rudisha plagi. Ziba mdomo wa hewa na wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa oili, na ufunge utepe mwekundu kwenye usukani usije ukasahau. Rejeta usiiachie maji ya bomba. Kulanti ya dukani, ile ya rangi, ina dawa ya kuzuia kutu, nayo inafaa hata huku kwetu kusikoganda barafu. Turubai la nailoni lililokazwa hadi chini silipendi hata kidogo: linafungia unyevu ndani. Banda la paa tupu, upepo ukipita, ni bora zaidi.

Siku ya kuliamsha, usikimbilie ufunguo. Toa vitambaa, ng'oa plagi, zungusha kwa mkono kwanza. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa yamejaa juu ya pistoni na stata ikapigwa, konrodi ndiyo itakayopinda. Kisha chomoa kijiti cha oili ukitazame. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, mwite fundi kabla hujawasha.