Isemeshe Programu Yako

Tumchukue mwanafunzi wa Gredi ya 8 huko Chebunyo, kaunti ya Bomet, upande wa chini wa Chepalungu ambako mashamba ya chai ya Kericho na Konoin yamebaki nyuma kwenye baridi ya juu, na nyumba nyingi hutegemea mahindi na ng'ombe. Amepewa kazi ya kuunda programu ya maziwa kwa kutumia Scratch, lugha ya uprogramu wa bloku. Programu iulize lita za asubuhi, iulize lita za jioni, ijumlishe, kisha ilinganishe jumla hiyo na namba aliyoandika karani wa kituo cha kukusanyia maziwa. Asubuhi, baada ya ndama kunyonya na chai ya nyumbani kupikwa, zimebaki lita 1.1. Jioni zimebaki 2.2. Karani ameandika 3.3. Mwanafunzi anabofya bendera ya kijani, na programu inamjibu kwamba hesabu hazilingani.

Anarudia, jibu ni lile lile. Anazikagua bloku moja baada ya nyingine na hakuna iliyokaa kombo. Ndipo anapofanya jambo ambalo waandishi wa programu wamelifanya tangu kompyuta za kwanza: anaiamuru programu itaje ilicho nacho ndani. Anavuta bloku ya zambarau ya kusema, anaitia kigeu alichokiita “jumla”, yaani kile kisanduku chenye jina kinachohifadhi namba, na paka wa Scratch anatoa kiputo chenye maneno: 3.30. Kitendawili kimezidi kukaza. Jumla ni 3.30, karani kaandika 3.3, na kompyuta inashikilia kwamba hizo ni namba mbili tofauti.

Mtoto hajakosea, wala karani. Kiputo ndicho kilichoficha. Scratch 3 inapopewa namba yenye desimali iitamke, huikadiria kwanza hadi tarakimu 2 baada ya nukta, ili isomeke vizuri jukwaani. Namba iliyomo ndani ya kigeu ni 3.3000000000000003. Na njia ya kuiona ni rahisi: chukua bloku ya kuunganisha, andika upande mmoja neno lolote, kwa mfano “jumla ni”, na upande wa pili weka kigeu chako. Sasa paka hatamki namba tena, anatamka maandishi, na maandishi hayakadiriwi. Tarakimu zote zinatoka hadharani, pamoja na lile 3 la mwisho lililokuwa likivuruga ulinganisho.

Hilo 3 limetoka wapi? Kompyuta hutunza namba kwa mfumo wa jozi, wenye tarakimu 0 na 1 pekee, ziitwazo biti. Katika mfumo wetu wa kumi, theluthi moja haiandikiki ikamalizika: 0.333 na kuendelea bila kikomo. Katika mfumo wa jozi, sehemu moja ya kumi ndiyo isiyomalizika, kwa sababu 10 ina 5 ndani yake na 5 haigawanyiki kwa 2. Kiwango kiitwacho IEEE 754, kilichopitishwa 1985 na kufuatwa leo na karibu kila kompyuta na simu, huipa namba ya namna hii biti 64, ambazo huwezesha usahihi wa biti 53. Basi 1.1 hukadiriwa, 2.2 hukadiriwa, na tofauti hizo ndogo hujikusanya kwenye tarakimu ya kumi na saba ya jumla. Kwa maziwa, kasoro hiyo ni ndogo kuliko tone lolote. Kwa bloku ya “ni sawa na”, isiyojua udogo wala ukubwa, tofauti ni tofauti.

Dawa ziko mbili. Mtoto anaweza kuiuliza programu kama tofauti kati ya namba hizo ni chini ya 0.001, badala ya kuiuliza kama ziko sawa kabisa. Au apime kwa mililita, 1100 na 2200, kwani namba kamili za kiasi hicho hazina tatizo lolote kwa kompyuta. Mimi ningempendekezea hiyo ya pili.

Nimekaa na mfano huu kwa sababu unagusa jambo ambalo masomo ya kompyuta ya watoto hulipita haraka. Bloku ya kusema hufundishwa siku ya kwanza: paka anasalimia, darasa linacheka, somo linasonga mbele kwenye muziki na kucheza. Kisha haitajwi tena. Ilhali hiyo ndiyo bloku ambayo mwanafunzi ataihitaji kila siku atakayounda programu yenye maana, kwa kuwa inamfungulia mlango wa kutazama ndani.

Historia inaonyesha hivyo. Tarehe 6 Mei 1949 kompyuta ya EDSAC katika Chuo Kikuu cha Cambridge iliendesha programu yake ya kwanza ikachapa jedwali la namba zilizozidishwa kwa zenyewe. Haukupita muda, watumiaji wake wakagundua kwamba kuandika programu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusaka mahali ilipopotoka. Mwaka 1951 Stanley Gill, mmoja wao, alichapisha makala kuhusu utambuzi wa makosa katika programu za EDSAC, akieleza mbinu ya kuifanya mashine ichape herufi ya kila amri inapoitekeleza, ili mtu asome karatasi na kuona njia iliyopitwa. Konsoli ya miaka iliyofuata, yaani kifaa cha kuwasiliana na kompyuta, ilikuwa pia mashine ya kuchapa: Teletype Model 33, iliyoanza kuuzwa 1963, ilitoa herufi 10 kwa sekunde juu ya karatasi halisi. Hata leo tunaposema “kuchapa” ujumbe kwenye konsoli, hali ujumbe haufiki kwenye karatasi yoyote, tunafuata desturi ya mashine zile.

Uprogramu wa picha ulikuja na ahadi nyingine. William Sutherland alionyesha katika tasnifu yake ya MIT ya 1966 jinsi programu inavyoweza kuchorwa kwenye skrini badala ya kuandikwa. LabVIEW ilifuata 1986 kwa wahandisi na maabara, na Scratch ya MIT Media Lab ikatolewa kwa umma 2007 kwa watoto. Wazo lilivutia: ukiona mchoro wa programu, umeiona programu. Lakini mchoro huonyesha amri. Hauonyeshi namba zinazopita ndani ya amri hizo wakati programu inakimbia. Ndiyo maana kila zana ya picha iliyodumu imelazimika kurudisha ujumbe kwa mlango mwingine. LabVIEW ina kitufe chenye taa ambacho, kikiwashwa, mhandisi huona data ikitembea kwenye nyaya za mchoro. Node-RED, iliyoanzishwa na wahandisi wa IBM 2013 kwa ajili ya kuunganisha vifaa na huduma za mtandaoni, ina kisanduku cha kijani ambacho kazi yake yote ni kumwaga ujumbe pembeni mwa skrini. Waundaji wa michezo katika Unreal Engine wana bloku ya kuchapa maneno ambayo, usipoibadilisha, huandika salamu kwenye pembe ya skrini kwa sekunde 2. Paka wa Scratch naye, usipombadilishia muda, husema kwa sekunde 2.

Scratch ina sababu zaidi ya kuhitaji ujumbe wa mwanafunzi mwenyewe: imeundwa makusudi isitoe ujumbe wa kosa. Waliounda lugha hiyo, akina John Maloney na Mitchel Resnick, waliandika mwaka 2010 kwamba walitaka programu ya mtoto iendelee kukimbia daima, hata ikiwa na kasoro, badala ya kusimama na kumkemea. Kwa hiyo mwanafunzi wetu akiulizwa lita akaandika “tano” kwa herufi, Scratch haitalalamika. Itahesabu neno hilo kuwa 0 na kuendelea. “Tano” ukijumlisha na 1 unapata 1. Ukigawa lita 10 kwa ng'ombe 0, unapewa neno la Kiingereza linalomaanisha namba isiyo na mwisho, na programu inasonga.

Naielewa huruma iliyomo katika uamuzi huo, na kwa wiki za mwanzo nauunga mkono kabisa. Mtoto anayekutana na maandishi mekundu kabla hajafaulu chochote huweza kuikimbia kompyuta maisha yake yote. Lakini ukimya huo una gharama, na anayeilipa ni mwalimu. Pale mashine inapokataa kusema “hapa pamekosewa”, lazima mtu amfundishe mtoto kuuliza. Sekondari msingi ilipoanza nchini Kenya Januari 2023, walimu wengi walijikuta wakifundisha masomo ya kiufundi ambayo wao wenyewe hawakuyasomea, uprogramu wa bloku ukiwa miongoni mwake. Mwalimu kama huyo akishika mbinu moja tu, naomba iwe hii ya kuisemesha programu.

Na kuna ustadi ndani yake. Kiputo hushika ujumbe mmoja tu. Ukija wa pili, wa kwanza umefutika. Weka bloku ya kusema isiyo na muda ndani ya kitanzi, yaani amri zinazorudiwa, kinachojumlisha maziwa ya siku 30, na siku zote 30 zitapita kwa takriban sekunde moja, kwa kuwa Scratch huchora jukwaa mara 30 kwa sekunde. Jicho litabaki na siku ya mwisho pekee. Weka ile yenye sekunde 2, na hesabu iliyopaswa kumalizika papo hapo itachukua dakika nzima. Hapa kuna jambo ambalo hata wahandisi wakongwe hulisahau: ujumbe nao ni sehemu ya programu, una uzito wake, na unaweza kubadilisha mwendo wa kile unachokichunguza. Katika mchezo wenye wahusika wawili wanaosubiriana, sekunde 2 za maneno zinaweza kulificha kosa au kulizua jipya.

Njia bora ni orodha. Scratch humruhusu mwanafunzi kuunda orodha, kuiita “daftari”, na kuongeza mstari mmoja kila kitanzi kinapozunguka: siku, lita, jumla hadi hapo. Kiputo ni karani anayetamka jumla ya mwezi kisha akafunga dirisha. Orodha ni karani anayekufungulia kitabu ukurasa kwa ukurasa. Kila mstari ubebe jina la kigeu pamoja na thamani yake, maana “3.3” peke yake, siku tatu baadaye, haimwambii mtu chochote. Maneno ya ujumbe yanaweza kuwa ya lugha yoyote. Bloku zenyewe zinapatikana kwa Kiswahili katika menyu ya lugha, na ndani ya nafasi ya maandishi hakuna anayemzuia mtoto wa Chebunyo kuandika kwa Kipsigis, kwani msomaji wa kwanza wa ujumbe ule ni yeye. Wala hahitaji intaneti: Scratch huwekwa kwenye kompyuta na kufanya kazi bila mtandao.

Mbele yake kuna Python. Aprili 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha silabasi ya uprogramu ya Kodris Africa kwa shule za msingi na sekondari, na humo mwanafunzi hukutana na lugha ya maandishi ambamo amri ya print haikadirii kitu. Ukiiagiza ichape jumla ya 1.1 na 2.2, inatoa 3.3000000000000003 bila kuombwa mara mbili. Ukijaribu kuligeuza neno “tano” kuwa namba, Python inasimama palepale, inataja mstari wenye kosa, na inasubiri.