Ligi Iliyosimama kwa Kukosa Mafuta

Paukwa! Najua mmeitikia. Sogeeni basi, maana hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ni ya kweli tupu, na wahusika wake ni watu waliopenda mpira katika miaka ambayo dunia nzima ilikuwa vitani.

Twende Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi mwa Uingereza. Huko wana mpira wao wenyewe, kandanda ya Kigaeli. Kila timu ina wachezaji 15. Mpira unaudaka kwa mikono, unaupiga teke, au unaupiga kwa mkono kumpa mwenzako. Ukitaka kukimbia nao, kila baada ya hatua chache lazima uudundishe chini, au uuangushe mguuni na kuurudisha mikononi. Goli lina milingoti miwili mirefu na mtambaa panya katikati. Mpira ukipita chini ya mtambaa panya na kuingia wavuni, hilo ni goli, nalo lina thamani ya pointi tatu. Ukipita juu yake, kati ya milingoti, miaka ile ya vita ulipata pointi moja. Hesabu hiyo ishikeni vizuri, tutaihitaji mbele.

Mchezo huu unasimamiwa na Chama cha Michezo ya Kigaeli, kilichoanzishwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles. Ni mchezo wa ridhaa. Mkulima, mwalimu na karani huchezea kaunti zao bila mshahara, na kisiwa kizima kina kaunti 32. Enzi hizo mashindano makubwa yalikuwa mawili. La kwanza ni ubingwa wa Ayalandi nzima, ambao ulichezwa kwa mtoano: ukifungwa, umetoka. La pili ni Ligi ya Taifa, iliyoanza mwaka 1925, ambapo timu zilikutana moja baada ya nyingine katika miezi ya baridi.

Wababe wa ligi walikuwa Mayo, kaunti ya pwani ya magharibi. Walichukua kombe mara sita mfululizo, tangu 1934 hadi 1939. Mwaka 1940 likaenda kwa jirani zao Galway. Mwaka 1941 Mayo wakalirudisha kwa kuifunga Dublin katika fainali. Baada ya hapo ligi ikasimama. Miaka minne ikapita bila bingwa.

Mtauliza: kwa nini? Vita Kuu ya Pili ilianza Septemba 1939, na serikali ya waziri mkuu Éamon de Valera ikatangaza kwamba Ayalandi haitakuwa upande wowote. Wenyewe hawakusema wako vitani. Walisema wako katika Hali ya Dharura. Hata hivyo, asiyepigana naye huumia. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 1941, ndege za Kijerumani ziliangusha mabomu mtaa wa North Strand jijini Dublin, mwendo mfupi tu kutoka uwanja mkuu wa Croke Park. Watu 28 walikufa.

Tena kisiwa chenyewe kina mpaka. Kaunti sita za kaskazini ziko chini ya Uingereza, kwa hiyo zenyewe zilikuwa vitani. Mji wao wa Belfast ulipopigwa mabomu Aprili 1941, mamia waliuawa, na magari ya zimamoto yalitoka Dublin yakavuka mpaka kwenda kusaidia kuzima moto. Chama cha michezo nacho hakikugawanyika. Timu za kaunti zilizokuwa vitani na za zile zisizokuwa vitani ziliendelea kuwania ubingwa mmoja.

Basi si mabomu yaliyoisimamisha ligi. Ni mafuta. Petroli na makaa ya mawe vilifika Ayalandi kwa meli, na meli zilikuwa zikizamishwa baharini. Uingereza, iliyowauzia makaa ya mawe, sasa iliyahitaji kwa vita vyake. Kila kitu kikawa cha mgawo. Chai ilipungua hadi gramu 14 kwa mtu mmoja kwa wiki nzima, na hawa ni watu wanaopenda chai sana. Watu walikwenda kwenye vinamasi kukata udongo mweusi uliotokana na mimea iliyooza, wakauanika na kuutumia badala ya makaa. Treni zilizolishwa moto hafifu zilijikokota njiani. Magari ya watu binafsi yakatoweka barabarani.

Sasa fikirini kama viongozi wa chama walivyofikiri. Ligi ni safari juu ya safari: leo Mayo waende Dublin, baada ya muda mfupi timu nyingine iende Mayo, msimu mzima. Mtoano una mechi chache, na kila raundi nusu ya timu hubaki nyumbani. Mafuta yaliyobaki yasingetosha vyote viwili. Wakaiweka ligi chini, wakaushika ubingwa.

Hata kuushika ubingwa kulikuwa na kazi yake. Mwaka 1941 ng'ombe walishikwa na ugonjwa wa miguu na midomo, watu wakazuiwa kusafiri ili wasiusambaze. Ikatokea ajabu katika mchezo wa magongo unaosimamiwa na chama hichohicho. Fainali ya jimbo la Munster iliahirishwa, kaunti ya Cork wakateuliwa kuliwakilisha jimbo katika ubingwa wa nchi, wakawa mabingwa wa Ayalandi nzima. Kisha fainali ile iliyoahirishwa ikachezwa, na Cork hao hao, mabingwa wa nchi, wakafungwa na kaunti ya Tipperary!

Na mashabiki? Walipanda baiskeli. Wapo waliotoka kaunti ya Kerry, karibu kilomita 300, wakakanyaga pedali hadi Croke Park. Waliobaki vijijini walisikiliza redio. Mtangazaji alikuwa Micheál O'Hehir, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1938 akiwa na miaka 18 tu. Vijiji vingi havikuwa na umeme, na redio zilitumia betri, kwa hiyo majirani walijazana kwenye nyumba moja yenye redio.

Mwaka 1943 kaunti ya Roscommon, ambayo haikuwahi kuwa bingwa, iliitoa jasho Cavan katika fainali ya kandanda mpaka mechi ya marudiano, ikashinda. Mwaka uliofuata, wakiongozwa na nahodha Jimmy Murray, walirudi fainali kukutana na vigogo Kerry. Treni chache, petroli hakuna, lakini watu zaidi ya 79,000 walifika uwanjani, wengi kuliko fainali yoyote iliyotangulia. Kerry walipata magoli mawili na pointi nne. Roscommon walipata goli moja na pointi tisa. Haya, pigeni hesabu. Kerry wana 10, Roscommon wana 12. Aliyefunga goli moja akamshinda aliyefunga mawili!

Vita vilipokwisha mwaka 1945, ligi ikarudi, na Meath wakawa mabingwa wa msimu huo wa kwanza mwaka 1946. Kwa mchezaji wa Mayo aliyekuwa na miaka 24 ligi iliposimama, miaka yake minne bora ilipita bila ligi, na hakuna aliyeweza kumrudishia.

Lakini tazameni walichofanya watu wale, enyi wasomaji wangu. Hawakusema kwa kuwa hatuwezi vyote, tuache vyote. Walipima nguvu zao, wakachagua kitu kimoja ambacho baiskeli, miguu na redio ya jirani vingeweza kukibeba, wakakitunza mpaka amani iliporudi. Nanyi mtakutana na msimu wa dhiki, kila mtu hukutana nao. Ukifika, usiharakishe kuhesabu vilivyosimama. Tafuta kile unachoweza bado kukiendeleza, kisha ukishike kwa mikono yote miwili.