Chanjo kwa Amri ya Mwajiri na Haki ya Mtumishi Kuuliza

Mwezi Agosti mwaka 2021, Mkuu wa Utumishi wa Umma nchini Kenya, Joseph Kinyua, alitoa waraka uliowataka watumishi wote wa serikali wawe wamepata dozi ya kwanza ya chanjo ya UVIKO-19 kufikia tarehe 23 ya mwezi huo, na atakayeshindwa achukuliwe hatua za kinidhamu. Waraka huo ulilalamika kwamba waliojitokeza kuchanjwa walikuwa wachache miongoni mwa walimu, maofisa wa usalama na hata wahudumu wa afya, kisha ukadai kwamba wapo waliokwepa makusudi ili wapate kisingizio cha kutofika kazini. Huenda watoro wa namna hiyo walikuwapo, lakini kwa maneno hayo machache kila mwenye shaka aliwekwa katika fungu moja na mtoro, na swali la afya likageuka kosa la nidhamu.

Wataalamu wa afya ya jamii hutofautisha kusitasita na kupinga. Anayesitasita ni mtu aliyefikiwa na chanjo, ila anaahirisha kuchanjwa au anakataa kwa sababu bado hajaridhika, ilhali mpinzani amekwisha kukata shauri wala hatafuti maelezo zaidi. Shirika la Afya Duniani liliitaja hali ya kusitasita kuwa miongoni mwa vitisho kumi vikubwa vya afya duniani mwaka 2019, kabla korona haijajulikana, na katika maelezo yake jambo linalorudi mara kwa mara ni imani: imani katika chanjo yenyewe, katika wanaoitoa, na katika wanaoamua nani achanjwe na lini.

Shaka iliyosikika zaidi ilihusu kasi ya kupatikana kwa chanjo ya korona. Ramani ya vinasaba vya kirusi, yaani maandishi ya kikemia yanayobeba umbile lake, ilitangazwa Januari 2020, na kabla ya mwaka huo kwisha Uingereza ilikuwa imeidhinisha chanjo yake ya kwanza, kazi ambayo kwa kawaida huchukua miaka mingi. Shaka hiyo ilikuwa na jibu zuri ambalo halikuelezwa vya kutosha. Watafiti wa Oxford, waliobuni chanjo iliyotengenezwa na kampuni ya AstraZeneca, walikuwa wameshughulika kwa miaka kadhaa na mbinu ya kutumia kirusi cha mafua ya sokwe kilichodhoofishwa ili kibebe kipande cha taarifa za kirusi kingine na kuuzoesha mwili kukitambua. Serikali zililipia uzalishaji kabla ya matokeo kujulikana, hatua za majaribio zikaendeshwa sambamba badala ya moja kusubiri nyingine, na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeenea mno, tofauti kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa ilionekana mapema. Sehemu ya majaribio hayo ilifanyika Kilifi, katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, habari ambayo ingemfaa sana mwalimu wa Malindi kuliko tishio la barua ya onyo.

Shaka ya pili ilikuwa nzito zaidi. Machi 2021 nchi kadhaa za Ulaya zilisimamisha kwa muda chanjo ya AstraZeneca, na mwezi uliofuata mamlaka ya dawa ya Ulaya ikakiri kwamba iliweza, kwa nadra sana, kusababisha damu kuganda huku chembe sahani, yaani chembe zinazozuia kutokwa na damu, zikipungua. Makadirio yalikuwa takriban mtu mmoja kwa kila laki moja waliopata dozi ya kwanza, na vijana ndio walioathirika zaidi, kiasi kwamba Mei 2021 Uingereza ilishauri walio chini ya miaka 40 wapewe chanjo nyingine. Waraka wa Kinyua ulipotoka, karibu chanjo yote iliyokuwapo Kenya ilikuwa hiyo hiyo. Karani wa miaka 28 aliyeuliza kwa nini yeye hana chaguo alilopewa kijana wa London aliuliza swali la haki kabisa. Jibu la kweli lilikuwa kwamba kirusi aina ya Delta kilikuwa kikiua, chanjo nyingine hazikuwa zimefika kwa wingi, na hatari ya ugonjwa wenyewe kwa watu wengi ilizidi hatari ya sindano. Jibu hilo linatosha kumshawishi mtu mzima, mradi aambiwe.

Kumbukumbu za zamani nazo zilichangia. Mwaka 1996, huko Kano nchini Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa kwa watoto wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, na mgogoro uliofuata kuhusu ridhaa ya wazazi ulidumu zaidi ya miaka kumi. Aprili 2020, madaktari wawili wa Ufaransa walizungumza katika televisheni kuhusu kuijaribu chanjo ya kifua kikuu dhidi ya korona barani Afrika, na hasira ikatanda kote barani. Anayeyakumbuka hayo hawezi kuitwa mjinga.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri alinde wafanyakazi wake, na Katiba ya 2010 huruhusu haki kuwekewa mipaka pale tu inapofaa na kwa kiasi kinachofaa. Kwa kipimo hicho, muuguzi wa wodi ya mahututi na mtunza mafaili anayekaa peke yake hawakustahili amri moja, hasa ilipodhihirika kwamba chanjo hizo zilizuia ugonjwa mkali vizuri zaidi kuliko zilivyozuia maambukizi. Uingereza yenyewe iliwalazimisha watumishi wa makao ya wazee kuchanjwa kuanzia Novemba 2021, kisha ikaliondoa sharti hilo Machi 2022.

Mwajiri anayeamuru chanjo anapaswa pia kueleza nini kitatokea mambo yakienda vibaya. Mpango wa kimataifa wa fidia kwa watakaopata madhara makubwa, usiomdai mgonjwa athibitishe kosa la mtu yeyote, ulianza kazi mwaka 2021 kwa nchi 92, Kenya na Tanzania zikiwamo, na ukurasa mmoja wa kueleza namna ya kuwasilisha dai ungeweza kuambatanishwa na kila barua ya amri.