Kabla ya Kuzima Mashine ya Mishahara



Wengi wenu mnaijua habari ya viwanda vya Gikondo. Kwa miaka mingi bonde lile la Wilaya ya Kicukiro lilijaa viwanda na maghala, mengi yakiwa yamejengwa juu ya tindiga. Katika miaka ya 2010 Serikali iliendelea kuviondoa viwanda katika tindiga, na vingi vikaelekezwa Masoro, katika eneo maalumu la kiuchumi la Kigali. Kiwanda kinapohama, mitambo hupakiwa kwenye malori mchana kweupe na kila mtu huiona. Kuna mashine moja ambayo hakuna anayeitazama: kompyuta ya ofisi ya mishahara. Humo mna kumbukumbu za kila aliyewahi kupokea mshahara pale, hata waliokwisha ondoka. Hapo ndipo mwajiri husema, hii imezeeka, izimwe, tununue mpya.

Sisi hatupingi mashine mpya. Tunachouliza ni nani amehesabu kilichomo ndani ya ile ya zamani. Nchini Rwanda mfanyakazi hupata pensheni ya kila mwezi akiwa amechangia miaka isiyopungua 15. Akipungukiwa, hulipwa mkupuo mmoja na mambo yamekwisha. Michango hiyo ilipokelewa na Caisse Sociale tangu 1962, na tangu ilipounganishwa na bima ya matibabu ya RAMA, kwa sheria ya Desemba 2010, inapokelewa na RSSB. Ikitokea ubishi juu ya miezi fulani, ushahidi hutafutwa kwa mwajiri, yaani ndani ya mashine ile ile inayotaka kuzimwa.

Yafaa tueleze mashine za aina moja ambazo bado zinafanya kazi katika ofisi nyingi duniani. Mfumo wao ulizaliwa Marekani mwaka 1965, katika kampuni ya TRW, kwa kazi ya Dick Pick na Don Nelson. Shabaha ilikuwa kutunza hesabu ya vipuri vya helikopta ya jeshi iliyoitwa Cheyenne. Baadaye mfumo ukaenea kwa majina mengi: Reality, UniVerse, UniData, jBASE. Msidhani kuwa mambo hayo yako mbali nasi. Programu ya benki iitwayo T24, ya kampuni ya Temenos ya Geneva, kwa miaka mingi ilitembea juu ya jBASE, na miongoni mwa benki za Afrika Mashariki zilizoichukua ni KCB. Mishahara mingi imepita humo.

Sifa yake ni hii. Chukua kadi ya mfanyakazi yenye mafungu: jina, tarehe ya kuajiriwa, watoto, makato. Katika mifumo mingine kila fungu hubeba jambo moja tu, na mwenye watoto wanne huandikiwa mistari minne katika jedwali la pembeni. Katika mfumo huu watoto wote wanne hukaa ndani ya fungu moja, wakitenganishwa kwa alama. Alama namba 254 hutenga fungu na fungu, 253 hutenga thamani na thamani ndani ya fungu, na 252 hugawa hata thamani yenyewe. Ndiyo maana makato ya likizo ya uzazi yalipoanza mwaka 2016, kadi ya namna hii ilihitaji kuongezewa thamani moja tu katika fungu la makato.

Uzuri huo huo ndio hatari wakati wa kuhama. Mtaalamu asiyeujua mfumo huchukua thamani ya kwanza ya kila fungu na kuziacha nyingine. Mtoto wa kwanza anahama, watatu wanabaki. Mwezi wa kwanza wa mchango unahama, mia moja na hamsini inabaki.

Tarehe nazo zina mtego wake. Mfumo huu hauandiki siku, mwezi na mwaka, bali huhesabu siku tangu 31 Desemba 1967, ambayo ni sifuri. Siku ya 10000 ilikuwa 18 Mei 1995, na ofisi ambazo programu zao ziliacha nafasi ya tarakimu nne tu zilipata taabu siku hiyo. Sasa, namba hiyo hiyo ikiingizwa bila kubadilishwa katika majedwali ya kawaida ya kompyuta, yanayohesabu tangu mwaka 1900, husomeka 18 Mei 1927. Mfanyakazi huyo angekuwa amekwisha staafu zamani, kama si kuzikwa.

Basi, kazi ianzie wapi? Ianzie kwenye programu zenyewe. Mfumo wa miaka ishirini huwa na mamia ya programu zilizoandikwa na watu mbalimbali, wengine wamehama, wengine wamefariki. Ili kujua zipi bado hai, msimamizi huweka mwanzoni mwa kila programu agizo fupi la kuandika mstari mmoja katika jalada la matumizi: jina la programu, siku na saa. Agizo hilo liwekwe pia katika programu ndogo zinazoitwa na programu nyingine, maana hizo mtumiaji haziamrishi mwenyewe na hazionekani kwa macho.

Jalada hilo nalo linataka kutunzwa. Katika mfumo huu jalada hugawanywa katika mafungu ya ghala, na kila kadi hupelekwa mahali pake kwa hesabu inayotokana na namba yake. Ghala likiwa dogo kuliko mzigo, magunia huwekwa ujiani, na mchukuzi anatafuta gunia moja asubuhi nzima. Mashine nyingi zinazolaumiwa kuwa zimechoka zina ugonjwa huu tu. Msimamizi akipanua jalada, mwendo unarudi, wala hakuna kilichonunuliwa.

Kosa kubwa ni kuhesabu kwa miezi mitatu na kukata shauri. Programu ya kufunga mwaka huamka mara moja kwa mwaka. Ile inayotoa cheti cha utumishi kwa anayestaafu, au hesabu ya mirathi kwa familia ya marehemu, huenda ikalala miaka miwili. Kwa kipimo cha matumizi ni maiti, kwa mjane ni kila kitu. Kwa hiyo tunataka kuhesabu kuendelee miezi 13 kwa uchache, na programu ambayo haikuguswa iwekwe kando, isifutwe.

Kuna upande mwingine ambao chama hakiwezi kuufumbia macho. Jalada la matumizi likiongezewa jina la karani, linaweza kusema aliingia saa ngapi na alikaa muda gani. Kazi ya kuhesabu programu ikageuka kazi ya kumpeleleza mtu. Msimamo wetu ni kwamba ihesabiwe programu. Jina la mtu likihitajika kwa usalama wa fedha, makubaliano yaandikwe: nani anasoma, kwa muda gani, na lisitumike kama fimbo ya nidhamu. Sheria namba 058/2021 ya Rwanda, ya Oktoba 2021, inalinda habari za mtu binafsi, na inampa mwenyewe haki ya kuziona zinazomhusu na kudai zisahihishwe.

Wawakilishi wa wafanyakazi wanaosikia kwamba mashine ya mishahara inabadilishwa wadai mambo haya mezani: orodha ya programu na matumizi yake, karatasi ya kila mfanyakazi yenye miezi yake yote ichapwe kutoka mashine ya zamani na aitie sahihi mwenyewe, na mashine hiyo isiuzwe wala kufutwa kabla karatasi hizo hazijalinganishwa na kumbukumbu za RSSB. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda kutoka asilimia 6 hadi 12, nusu ukikatwa kwa mfanyakazi, kwa hiyo kila mwezi unaopotea ni ghali maradufu. Na wewe mwenye karatasi za mshahara za zamani ndani ya sanduku, usiziwashie jiko.